Nani Atashika Alhamisi

Mtu akiuliza hawa mawifi wawili huonana saa ngapi, jibu lilikuwa moja tu: saa nane mchana, kando ya kitanda cha mtu mwingine.

Waliishi nyumba moja, walipikia sufuria zilezile, walifanya kazi wodi moja ya upasuaji, ghorofa ya pili. Lakini kukaa pamoja, hawakukaa. Mkubwa, ambaye wagonjwa walimwita Jenerali, alishika zamu ya asubuhi. Mdogo, mke wa kaka yake Jenerali, alishika ya mchana mpaka watu wa usiku waje. Huyo mdogo walimbatiza Sista Pole, kwa sababu alisema pole kabla ya sindano, akasema pole wakati wa sindano, na akishafika mlangoni aligeuka kuisema tena, kama mtu aliyesahau mwavuli.

Mpango wa zamu waliuanza wenyewe, mwaka ule Jenerali alipoachika akarudi kwa kaka yake na watoto wake wawili. Kaka mtu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani huja kama mgeni: anakula, anasifiwa, anaondoka. Basi wanawake wakaigawana siku kama watu wanaogawana mkate. Watoto walikuwa watano kwa jumla, na saa zote za mchana kulikuwa na mtu mzima mmoja ndani ya nyumba. Mmoja, si wawili.

Ndiyo maana mambo yao yote waliyamaliza wakati wa kukabidhiana zamu. Jenerali mbele na toroli la dawa, Sista Pole nyuma yake, kitanda hadi kitanda.

"Huyu, siku ya pili tangu apasuliwe ngiri. Amekojoa vizuri, choo bado. Analalamika kuliko anavyoumwa."

"Mimi sijalalamika," mgonjwa anasema.

"Umesikia mwenyewe, wifi. Dripu hii iishe saa kumi. Mchele umebaki?"

"Wa leo tu. Na dogo kaenda shule na kandambili, viatu kavikataa."

"Kavikataa kama nani? Nitamkuta. Huyu wa pili, homa imeshuka."

Wagonjwa walizoea. Mzee wa kitanda cha dirishani, aliyening'inizwa mguu kwa kamba na mawe ya uzito, na ambaye wodi nzima ilimwita Mwenyekiti kwa jinsi alivyoongoza maongezi akiwa chali, alijua bei ya gesi ya nyumba ile kuliko ya kwake.

Na kila kitanda kilifungwa kwa neno moja. Anayepokea zamu husema "nimepokea". Desturi hiyo waliikuta wodini, na hakuna aliyejua aliyeianzisha. Mpaka neno hilo lisemwe, mgonjwa bado ni wa yule anayetoka, hata kama ameshavua kofia, hata kama mguu mmoja uko kwenye ngazi.

Sasa, tangazo la ufadhili lilibandikwa ubaoni karibu na stoo ya mashuka. Wauguzi walioko kazini wenye stashahada watasomeshwa wamalizie shahada, miaka miwili, ada na vitabu bure. Masomo ni Alhamisi na Ijumaa, kutwa. Siku nyingine mtu anabaki na kazi yake. Sharti moja liliandikwa kwa herufi nene: kila mwombaji awe na muuguzi wa wodi yake atakayemshikia zamu siku hizo, na jina la huyo litaulizwa kwenye usaili.

Sista Pole alilisoma akiwa amekumbatia mashuka. Akarudi kulisoma jioni. Kesho yake akapita tena, akajifanya anasoma tangazo la chanjo lililo pembeni.

Alilitaka. Hapo hapakuwa na utata. Utata ulikuwa kwa nini alilitaka, maana kila akijiuliza alipata jibu ambalo halikuwa lake. Mshahara? Ungepanda kidogo. Cheo? Cheo angekiweka wapi, yeye ambaye hata kumkemea mfagiaji aliombea radhi kwanza. Alijua tu kwamba akipita pale ubaoni moyo unamwenda mbio kama msichana wa shule, na jambo hilo lilimtia aibu.

Angemwambia wifi yake. Hilo ndilo lililokuwa la kawaida kufanya. Lakini wiki ileile, kwenye kitanda cha nne, Jenerali alisema: "Umesikia yule mama wa wodi ya wazazi? Kaomba ufadhili. Na kichwa kina mvi vile. Ataenda kukaa dawati moja na mkwewe."

Wagonjwa wakacheka. Sista Pole naye akacheka, kicheko cha mdomo tu, na maneno yake yakarudi tumboni.

Siku tatu baadaye alijaribu kwa mlango wa nyuma.

"Wifi, hivi siku moja nikikuomba unishikie Alhamisi na Ijumaa, utanishikia?"

"Kwani lini nilikukatalia?" Jenerali alikuwa akihesabu vidonge, hata hakuinua macho. Kisha akasema, kana kwamba limemjia sasa hivi: "Na mimi nikikuomba?"

"We niombe tu."

"Haya. Huyu wa tano kidonda kinatoa maji, kiangalie."

"Nimepokea," akasema Sista Pole, na wakasogea kitanda cha sita.

Yeye alitoka pale roho nyeupe. Wifi kakubali. Akajaza maombi, akapeleka, akasubiri.

Wakati anasubiri, Jenerali alianza kubadilika. Alinunua mkoba mpya, mkubwa, wa zipu mbili. Simu yake, ambayo zamani ilizagaa popote, sasa ililala mfukoni. Binti mkubwa wa Sista Pole alimwambia mama yake asubuhi moja, wakati anafunga mkanda wa sare ya shule: "Mama, shangazi anaongea peke yake bafuni. Anasema 'asanteni kwa nafasi hii', halafu anakohoa, halafu anaanza upya."

"Anamwambia nani?"

"Bafu."

Siku moja saa nane Jenerali mwenyewe akasema, katikati ya kitanda cha saba na cha nane: "Nina jambo. Nitakwambia likikaa sawa."

Sista Pole akajumlisha: mkoba mpya, simu mfukoni, asanteni kwa nafasi hii. Wifi kapata mchumba. Hakuna kingine. Alimfurahia kwa dakika moja hivi, halafu akaingiwa na hofu ya ubinafsi hata akajichukia: akiolewa akahama, nani atanishikia Alhamisi? Akaanza kuwaangalia wanaume wote waliokuja kutazama wagonjwa, kama yumo mmoja mwenye sura ya kumchukua wifi yake. Dereva wa gari la wagonjwa aliangaliwa kwa jicho baya wiki nzima, maskini, na hakujua amekosa nini.

Siku ya usaili aliaga nyumbani kwamba anakwenda kulalamikia bili ya maji. Usaili ulikuwa asubuhi, kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya magurudumu vinavyokimbia ukivikalia. Mbele yake walikaa watu watatu: mama mwenye miwani yenye kamba, bwana mmoja mwembamba aliyekuwa akiandika, na mwingine aliyekunywa maji muda wote.

"Tuambie kuhusu wewe," akasema mama wa miwani, kwa upole kabisa.

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Miaka yote watu walimwambia tuambie kuhusu huyu, kuhusu yule, kuhusu kitanda cha tisa. Akafungua mdomo, na mdomo ukashika njia inayoijua.

"Mwanamke, miaka thelathini na tisa. Yupo wodi ya upasuaji mwaka wa kumi na nne sasa. Anapumua vizuri. Anakula, ila mara nyingi amesimama. Usingizi hautoshi. Mzio hana. Analalamika—"

Hapo akajisikia. Akanyamaza, mikono ikiwa nyuma kama anavyosimama kando ya kitanda.

Bwana mwembamba aliweka kalamu chini. Mama wa miwani alicheka mpaka akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Usikatishe. Analalamika nini?"

Sista Pole angeweza kuomba radhi, na kuomba radhi ndiko alikojaliwa. Lakini swali lilikuwa limeulizwa kama la kweli, naye swali kuhusu hali ya mgonjwa halikuwahi kumshinda kulijibu.

"Analalamika kwamba anajua kufanya, ila akiulizwa kwa nini, hana jibu."

"Nani alimuuliza?"

"Kijana mmoja, alichanika mguu kwa bati. Nikimfunga kidonda akaniuliza, kwa nini kinawasha? Nikamwambia kinawasha kwa sababu kinapona. Akasema, sista, hiyo siyo sababu, hiyo ni habari. Nimekaa na hilo neno mwaka wa tatu sasa."

Wakaangaliana. Yule bwana mwembamba akasema, "Hivi wodi yenu wote mnajieleza kama wagonjwa?" na mama wa miwani akamgusa kiwiko. Sista Pole hakuelewa swali lile linatoka wapi. Wakamuuliza mambo mengine, na mwisho wakamwuliza atakayemshikia zamu. Akamtaja wifi yake. Yule aliyekunywa maji akaacha kunywa maji.

"Wifi yako," akarudia.

"Ndiyo. Nimeshaongea naye."

"Mmeongea," akasema bwana huyo wa maji, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. "Haya, asante. Unaweza kwenda."

Aliteremka ngazi hajui amepita au ameanguka, amechekwa au amechekewa. Alipofika getini akagundua ameondoka na kalamu yao. Hakujua hiyo nayo ni dalili ya nini.

Wiki mbili baadaye, saa nane, walipofika kitanda cha dirishani, mlango ukafunguka na matroni akasimama pale. Matroni ni mkuu wa wauguzi wote wa jengo lile, mwanamke mfupi ambaye viatu vyake havikutoa sauti, na watu waliona kivuli ndipo wakamwona yeye.

"Nyinyi wawili. Mkimaliza, ofisini kwangu. Wote."

"Wote pamoja?" akauliza Jenerali.

"Wote pamoja. Yule muuguzi kijana, mpya, atakaa na wodi kidogo."

Mwenyekiti, akiwa chali, aliwasindikiza kwa macho. "Hapo kuna jambo," akawaambia jirani zake. "Hao kuitwa pamoja si kawaida. Ni kama jua na mwezi kuitwa ofisini."

Ofisi ya matroni ilikuwa na feni iliyogeuka upande mmoja tu. Wakaketi. Jenerali ameshikilia mkoba wake mpya mapajani kwa mikono miwili, na Sista Pole akawaza: ndiyo hii, anaaga kazi, anaolewa, na mimi nimeitwa niambiwe nani hatanishikia.

"Hongereni," akasema matroni.

Wakasema asante kwa pamoja. Kisha wakageukiana.

"Asante ya nini wewe?" akauliza Jenerali.

"Na wewe ya nini?"

Matroni alisubiri, kama mtu anayesubiri maji yachemke. "Mmepita usaili wa ufadhili. Nyote wawili. Tena vizuri. Mmoja kaliambia jopo atashikiwa Alhamisi na Ijumaa na wifi yake. Mwingine naye, siku nyingine, kaliambia atashikiwa na wifi yake. Sasa nielezeni taratibu, mimi mzee. Ikifika Alhamisi, wodini yuko nani?"

Feni ikageukia upande wake uleule.

"Uliomba?" Sista Pole alimwambia wifi yake, sauti haijulikani ni ya swali au ya kilio. "Si ulisema atakaa dawati moja na mkwewe?"

"Nilimsema yule. Mimi sina mkwe."

"Mimi nilidhani unaolewa."

"Na nani?"

"Sijui. Dereva wa gari la wagonjwa."

Jenerali akauweka mkoba sakafuni. "Wifi. Yule hana hata meno ya nyuma."

"Subirini," akasema matroni, mkono umefunika mdomo. "Mliambiana au hamkuambiana?"

"Nilimwambia anishikie, akasema lini nilikukatalia."

"Na mimi nilimwambia, akasema we niombe tu."

"Nani alisema nimepokea?" akauliza matroni.

Ofisi nzima ilijua jibu. Sista Pole alikumbuka kuwa neno hilo alilisema siku ile, naam, lakini lilikuwa la kidonda kinachotoa maji.

"Basi hakuna kilichokabidhiwa," matroni akasema. "Miaka yote mnapokezana watu hai bila kukosea hata kidonge, halafu maisha yenu wenyewe mnarushiana kama taulo. Wodi moja naweza kutoa mtu mmoja. Wawili siwezi, na mwaka ujao siahidi kitu, wafadhili si ndugu zangu. Kesho asubuhi nataka jina moja. Leo wodi naishika mimi mwenyewe; nendeni nyumbani, mkaongee. Nyote."

Kwa hiyo walitembea nyumbani pamoja, mchana kweupe, na hawakujua kutembea pamoja kunafanywaje. Jenerali alitembea upande wa barabara, akahamia upande wa ndani, akarudi. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya mkato, na njia hizo hazikufanana. Wakafuata barabara kubwa, ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

Nyumbani wote wawili waliingia jikoni, wakagongana mlangoni, wote wakatoka. Kitinda mimba wa Sista Pole, aliyekuwa akichora sakafuni, aliwatazama, akaweka rangi chini.

"Mama na shangazi," akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, chora."

"Mbona mpo wawili?"

Binti mkubwa akamchukua ndugu yake nje, lakini alisimama karibu na dirisha, na hakuna aliyemfukuza.

Jenerali alikaa kwenye kochi. Alikaa kwa hatua: kwanza mkono, halafu nyonga, halafu mguu wa kulia ukavutwa kama mzigo wa mtu mwingine. Sista Pole aliona. Aliona halafu akashangaa kwa nini anaona leo. Wodini alimkuta wifi yake amesimama, akamwacha akiwa ameshika toroli. Nyumbani hakumkuta kabisa. Miaka yote hii hakuwahi kumwona anavyokaa.

"Goti hilo lina muda gani?"

"Usinianze."

"Limevimba. Ninaliona mpaka hapa."

"Nimesema usinianze. Tuongee la matroni." Jenerali alilifunika goti kwa mkoba. "Mimi nautaka ule ufadhili. Nakwambia wazi ili pasiwe na we niombe tu."

"Na mimi nautaka." Ndiyo mara ya kwanza kuyasema mbele ya mtu wa nyumbani, akaona masikio yake yanawaka moto. "Nautaka sana."

"Wa nini? Mimi sababu yangu naijua. Mwenye shahada anaweza kupangiwa darasa la wanafunzi, au ofisi. Anaketi. Wifi, mimi nataka kiti. Nimesimama tangu msichana. Wewe unataka nini?"

Sista Pole alifikiri. "Nataka kujua kidonda kikipona kinawasha kwa nini."

"Basi?"

"Na mengine kama hayo."

Jenerali alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Si utafute kwenye simu?"

"Nilitafuta. Nikapata majibu sita na mafuta ya kuuziwa."

Hapo Sista Pole akaharibu. Alipiga magoti, akasogeza mkoba, akaweka viganja viwili juu ya lile goti kama alivyofanya kwa watu elfu. Lilikuwa la moto. Na bila kukusudia, akasema, "Pole."

Jenerali akausukuma mkono wake. "Mimi siyo mgonjwa wako. Na usije ukaniachia kwa sababu ya goti, ukajisikia mtakatifu. Kama utaniachia, niachie kwa sababu nimekushinda. Kama hujaniachia, tushindane."

"Tushindane kwa nini sasa? Mbio?"

Wakacheka kidogo, nje ya dirisha mtu naye akacheka, na hapakupatikana jina. Jenerali alijifungia chumbani. Sista Pole alipika, akatia chumvi mara mbili. Hasira alikuwa nazo, ila alipozitafutia mwenyewe hakumpata: matroni hakukosa, wifi hakukosa, goti nalo halikuomba kuvimba. Hata huruma yake mwenyewe hakuiamini. Ni kweli anamwonea wifi huruma, au ni ile tabia ya kazi, mkono unaoenda penye uvimbe wenyewe?

Asubuhi, Jenerali alikwenda zamu yake kama kawaida. Sista Pole aliwapeleka watoto shule, kisha, badala ya kurudi kufua, akapanda hadi kwa matroni. Njiani alikuwa na majina mawili, akibadilisha kila baada ya nguzo ya umeme. Alipokaa mbele ya ile feni bado alikuwa hajachagua.

"Nisikilize kwanza," akasema. "Mimi nautaka. Nataka uandike kwamba niliutaka. Lakini wifi yangu ana goti baya, na miaka miwili mingine ya kusimama sijui kama atafika."

"Kwa hiyo unamwachia."

"Sijasema namwachia. Nasema ana goti."

Matroni alimwangalia, si kwa ukali. "Ngoja nikusaidie kufikiri. Tuseme naandika jina lako. Alhamisi unakwenda darasani. Nani anashika zamu yako?"

"Wifi."

"Juu ya zamu yake. Asubuhi mpaka usiku, siku mbili mfululizo, kila wiki. Kwa goti lile."

Sista Pole alizihesabu saa hizo kwa vidole, vidole vikaisha.

"Na nikiandika lake?"

"Nashika mimi."

"Unaweza?"

"Miguu yangu mizima."

"Basi jina limejiandika lenyewe," akasema matroni. "Mwenye miguu ndiye anayeweza kubaki. Siyo haki, sikwambii ni haki. Na yule kijana mpya simuachii wodi kabla ya mwaka mmoja."

Sista Pole alitoka pale akiwa na mikono mitupu na hajui imekuwaje. Alikuwa ametoa kitu au amenyang'anywa? Kama alitoa, mbona hakuhisi ukarimu wowote. Na kama alinyang'anywa, aliyemnyang'anya ni nani, miguu yake? Alishuka ngazi akiitazama miguu hiyo, mizima, inayoshuka bila shida, na kwa mara ya kwanza akaiona kama kitu kinachomdai.

Saa nane alimkuta Jenerali kwenye kitanda cha kwanza. Ameshaambiwa, ilionekana kwa jinsi alivyoshika toroli.

"Ulisema ni goti," Jenerali akasema, chini ya pumzi.

"Nilisema nautaka. Matroni ndiye kasema goti."

"Sitaki kubebwa."

"Hujabebwa. Ulipita usaili kabla yangu, wakakusifu. Mimi nimewaibia kalamu." Akashusha sauti. "Na nimekasirika, wifi. Usidhani sijakasirika. Nitakasirika labda mpaka mwezi ujao. Lakini Alhamisi na Ijumaa ziko kwangu." Akapaza sauti. "Nimepokea."

Mwenyekiti akapiga kofi moja juu ya godoro, kama anayefunga kikao. Jenerali akasoma hali ya mgonjwa wa kwanza, na sauti yake ilitetemeka kwenye neno presha.

Alhamisi ya kwanza Sista Pole alishika asubuhi ya wifi yake. Hakuwa ameiona wodi asubuhi kwa miaka. Ilikuwa wodi nyingine: jua linaingia kwa upande mwingine, ndoo za kuogea zinapita, wagonjwa wana sura za kuamka, wanaomba chai badala ya kulalamika. Mgonjwa mmoja aliyetoka upasuaji juzi alimwita Jenerali kwa kutozoea, naye akaitika. Ilipofika saa nane alijikuta amesimama mlangoni na toroli, anasubiri wa kumkabidhi, mpaka Mwenyekiti alipomwambia, "Sista, anayepokea ni wewe." Akazunguka vitanda peke yake. Aliona aibu kusema neno lile kwa sauti, lakini alilisema, kitanda hadi kitanda, na wagonjwa hawakucheka.

Alirudi nyumbani miguu inaunguruma. Watoto wameshakula. Jenerali yuko mezani, goti limewekwa juu ya stuli, kitabu kinene kimefunguliwa mbele yake, amekishika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba kitadondoka.

"Wameongea kutwa nzima," akasema bila salamu. "Sijaelewa hata robo. Kuna vijana mle wanaandika kabla hata mwalimu hajasema. Mimi nilikaa nyuma, nikajiona mfagiaji aliyekosea mlango." Akasukuma kitabu katikati ya meza. "Hapa, seli za ngozi. Mara zinaita, mara zinaitwa, sijui nani anamwita nani. Kesho atauliza, na ananiangalia mimi tu, sijui kwa nini."

Sista Pole hakuvua sare. Hasira bado ilikuwepo, aliigusa ndani kwa ndani akaikuta mahali pake. Alitaka kwenda kulala. Alitaka pia wifi yake asielewe, kidogo tu, siku moja tu. Na wakati anayataka hayo, mkono ulikuwa umeshavuta kiti, na jicho limeshashika mstari wa juu.

Alisoma. Akarudia. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Jenerali alimtazama yeye badala ya kitabu.

"Unaelewa?"

"Ngoja."

"Usiku unaingia, wifi. Unaelewa au huelewi?"

"Ngoja kwanza," akasema Sista Pole, akageuza ukurasa nyuma, akaja mbele tena, kidole kikitembea chini ya neno moja kama kinapapasa mshipa. "Hapa wanasema zinaitana. Hawajasema kwa nini. Kesho muulize."

"Nimuulize mimi? Mbele ya wale watoto?"

"Muulize. Halafu uje uniambie alichosema, chote, kama alivyokisema. Usinikatie."

Jenerali alichukua kalamu, akamwangalia kama mtu anayeangalia jirani mpya, na akaanza kuandika swali. Alipofika katikati akakwama. "Liseme tena," akasema. "Lilikuwa linaanzaje?"